Gitaa la Klasiki: Fedha Iende Wapi na Maendeleo Yapimwe Vipi

Mtu akishaamua kujifunza gitaa la klasiki, jambo la kwanza linalomkabili ni bei. Kuna gitaa lenyewe, vitabu, mwalimu, mitihani ya kimataifa, programu za simu za kulipia kila mwezi, na video zisizo na idadi. Kila muuzaji anaahidi kwamba chake ndicho kitakachokufikisha. Miezi sita baadaye wengi hujikuta wametoa fedha nyingi na hawana jibu la swali dogo: vidole vyangu leo vinaweza nini ambacho mwezi wa kwanza havikuweza?

Makala haya yanalinganisha njia zilizopo na gharama zake. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime mwenyewe. Vitu vingi vinavyouzwa kwa kazi ya kupima maendeleo vina mbadala wa bure ulio sawa navyo au unaovizidi. Kisicho na mbadala ni sikio na jicho la mwalimu. Fedha zigawanywe kwa kuzingatia hilo.

Kwa nini etudi

Etudi ni kipande kifupi cha muziki kilichotungwa kufunza jambo moja au mawili ya ufundi: arpejio za mkono wa kulia, skeli, kubana nyuzi kadhaa kwa kidole kimoja, au kuutoa wimbo juu ya sauti zinazousindikiza. Zoezi tupu la vidole halina muziki ndani yake, lakini etudi ina wimbo, ina mwanzo na mwisho, na unaweza kuipiga mbele ya wageni. Wimbo wa kawaida nao hugusa tatizo mara moja ukapita, ilhali etudi hulirudia baa baada ya baa hadi mkono ulizoee.

Kwa sababu hiyo etudi ni kipimo kizuri. Nota ulizopiga Januari ndizo utakazopiga Juni. Tofauti yoyote itakayosikika imetoka kwako.

Habari njema kwa mnunuzi ni kwamba kilele cha utunzi huu kilikuwa nusu ya kwanza ya karne ya 19, hasa Vienna na Paris. Fernando Sor alizaliwa Barcelona mwaka 1778 akafariki Paris mwaka 1839. Mauro Giuliani, mzaliwa wa Bisceglie nchini Italia mwaka 1781, alipata jina Vienna na akafariki Napoli mwaka 1829. Matteo Carcassi, mtu wa Florence, aliishia Paris mwaka 1853. Haki za kunakili kazi zao zilikwisha zamani, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyenzo bora za ufundi huu haina bei.

Mikusanyo minne kwa kulinganisha

*Giuliani, Op. 1.* Kazi hii ilichapwa Vienna mwaka 1812. Sehemu yake ya kwanza ina mifumo 120 ya mkono wa kulia, yote juu ya kodi mbili tu za muziki: C, na G yenye nota ya saba. Giuliani alikusudia hivyo. Mkono wa kushoto unabaki na kazi ndogo sana, ili akili yote iende kwenye vidole vinavyopiga. Ukifanya mifumo minne kwa siku, unaimaliza yote kwa siku 30 na kuanza upya kwa kasi ya juu zaidi. Kasoro yake ni kwamba masikio huchoka na kodi mbili. Usiitumie kwa zaidi ya dakika 15 kwa siku, na usiifanye chakula chako pekee.

Mkusanyo huu una faida ya pekee kwa wapigaji wa kwetu. Mtindo wa gitaa uliosambaa kutoka Katanga, ambao Jean Bosco Mwenda aliupa sifa duniani baada ya Hugh Tracey kumrekodi mwaka 1952, unategemea kidole gumba na kidole cha shahada. Aliyekulia katika mtindo huo ana gumba imara na mwendo usioyumba, mali ambayo wanafunzi wengi wa klasiki huihangaikia kwa miaka. Asichonacho ni uzoefu wa kidole cha kati na cha pete. Kwenye karatasi za klasiki vidole vya mkono wa kulia huandikwa p, i, m, a, kufuata majina yake ya Kihispania. Mpigaji wa namna hii aende moja kwa moja kwenye mifumo ya Giuliani inayotumia m na a. Atavuna mapema.

*Carcassi, Op. 60.* Hizi ni etudi 25, zimepangwa kwa kupanda ugumu, na kila moja ina kazi yake. Tazama ya 3, katika ufunguo wa A. Vidole vinazunguka kwenye arpejio bila kusimama, na wimbo uko juu kabisa, mikononi mwa kidole cha pete, ambacho ndicho dhaifu. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hutoa mfululizo wa nota zenye nguvu sawa, na wimbo hausikiki. Aliyeiva huufanya uzi wa juu uimbe, na nyuzi za kati zikabaki nyuma yake kwa upole. Nota hazijabadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa kukipa kidole kimoja uzito ambao vingine havina, na ufundi huo utauhitaji katika kila kipande utakachopiga maishani.

Ukizipa etudi hizi wiki mbili kila moja, 25 zinakuchukua wiki 50. Karibu mwaka mzima wa kazi yenye mpango ndani ya kijitabu kimoja. Tahadhari ni kwamba Op. 60 ya Carcassi si ya mtu asiyejua kitu. Hata etudi ya kwanza ina skeli zinazokimbia.

*Sor.* Ameacha mikusanyo sita inayotumika kama etudi: Op. 6, 29, 31, 35, 44 na 60, jumla vipande 121. Anayeanza asishike Op. 6, ambayo ni ngumu licha ya namba yake ndogo. Aanze na Op. 60, ambayo Sor aliiandika akiwa mtu mzima mwenye uzoefu wa kufundisha. Kipande chake cha kwanza ni wimbo wa sauti moja tu, nota baada ya nota, na kodi huingia taratibu baadaye. Kutoka hapo nenda Op. 31, kisha Op. 35, iliyo na etudi mashuhuri ya 22 katika B mdogo.

Mwaka 1945 Andrés Segovia alichagua etudi 20 za Sor na kuzitoa kwa kitabu kimoja chenye alama zake za vidole. Kitabu hicho bado kinauzwa na kimelea vizazi vya wapigaji. Unapokinunua unalipia uteuzi na vidole vya Segovia, kwa kuwa nota za Sor ni za bure. Jua pia kwamba Segovia alibadilisha mambo hapa na pale, hivyo ni vyema kuwa na chapa ya zamani pembeni kwa kulinganisha.

*Leo Brouwer, Estudios sencillos.* Brouwer alizaliwa Havana mwaka 1939. Etudi hizi 20 fupi, 10 za mwanzo zikiwa za miaka ya 1960 mwanzoni, zinafunza mikato ya midundo na sauti za karne ya 20 ambazo hutazipata kwa Sor. Katika ya kwanza wimbo uko chini, kwenye gumba, na kodi zinajibu juu. Sikio lililozoea rumba na dansi litaipenda. Hapa hakuna njia ya bure iliyo halali. Kazi hizi zina haki za kunakili, na kitabu lazima kinunuliwe.

Wapo pia wanaokimbilia etudi 12 za Heitor Villa-Lobos, alizozitunga miaka ya 1920 na zikachapwa Paris mwaka 1953. Ni kazi kubwa kweli, lakini si za miaka ya mwanzo. Fedha za kitabu hicho zitunze.

Uamuzi wangu kwa vitabu: anayeanza kabisa achukue Sor Op. 60; mwenye msingi achukue Carcassi Op. 60, Giuliani awe kiambatanisho cha kila siku kwa wote, Brouwer anunuliwe mwaka wa pili. Shika mkusanyo mmoja hadi mwisho kabla ya kufungua mwingine.

Karatasi: kupakua au kununua

Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, ina kazi za Sor, Carcassi na Giuliani kwa kupakua bure. Mkusanyo wa Boije ulioko Stockholm na mkusanyo wa Rischel na Birket-Smith wa Maktaba ya Kifalme ya Denmark pia inatoa picha za chapa za karne ya 19 bila malipo. Gharama inayobaki ni bando na kuchapisha. Ukilipa shilingi 200 za Tanzania kwa ukurasa kwenye duka la steshenari, kijitabu cha kurasa 30 kinagharimu shilingi 6,000.

Chapa za zamani zina upungufu wake. Alama za vidole ni chache, maandishi yamebanana, na makosa ya mchongaji hayakosekani. Mwanafunzi asiye na mwalimu huweza kukaa wiki nzima akibana kodi kwa vidole visivyofaa, na kurekebisha mazoea ni kazi kuliko kuyajenga. Kitabu kipya kilichohaririwa na mpigaji anayejua kazi yake kinakupa vidole vilivyofikiriwa, nota zinazosomeka, na mara nyingi maelezo ya namna ya kufanya mazoezi. Thamani hiyo ni ya kweli, lakini huihitaji mara kumi. Nunua kitabu kimoja kilichohaririwa vizuri, kile utakachoishi nacho mwaka mzima, na vingine vyote vichukue kwenye hifadhi za bure.

Vipo pia vitabu vya tablatura pekee, vinavyoonyesha uzi na freti ya kubana. Ni rahisi kuanza navyo, ila havitenganishi vizuri sauti ya wimbo na sauti ya besi, na vingi havionyeshi urefu wa kila nota. Etudi ya Sor ikiandikwa hivyo hupoteza nusu ya mafunzo yake. Tumia miezi mitatu kujifunza kusoma nota. Haigharimu chochote, na inakufungulia karne mbili za muziki wa bure.

Mwalimu, video, au peke yako

Video za bure zinafaa kwa mambo mawili: kusikia kipande kinavyopaswa kuwa, na kuona umbo la mkono wa mtu anayejua. Haziwezi kukuona wewe. Hazitajua kwamba bega lako la kushoto linapanda kila unapobana nyuzi zote sita, wala kwamba sauti yako ni nyembamba kwa sababu ukucha wa kidole cha kati una pembe. Huduma za mafunzo za kulipia kwa mwezi zina mpango mzuri kuliko video zilizotawanyika, lakini zile zisizo na mwalimu anayetazama rekodi zako zina upungufu uleule. Kabla ya kulipa uliza swali moja: je, kuna mtu atakayenisikiliza na kunijibu? Kama hakuna, unalipia maktaba.

Mwalimu wa ana kwa ana anashinda njia zote, na ndiye ghali kuliko zote. Kwa anayemtafuta, mahali pa kuanza kuulizia ni kama Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi huko Zanzibar. Mwalimu wa mbali kwa simu ya video hufaa pia. Tatizo lake ni mtandao, ambao huikata sauti ya nyuzi laini. Dawa ni kumtumia rekodi kabla ya somo, ili muda wa kulipia utumike kwa maelekezo.

Tufanye hesabu kwa bei ya mfano. Tuseme mwalimu anatoza shilingi 25,000 kwa somo. Kila wiki, kwa wiki 48, ni 1,200,000 kwa mwaka. Kila wiki mbili, masomo 26, ni 650,000. Mara moja kila miezi mitatu ni 100,000. Weka bei ya mjini kwako, uwiano utabaki uleule.

Kwa mtu mzima mwenye kazi na familia, somo kila wiki mbili ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa kila shilingi. Etudi inahitaji siku kumi na kitu ili maelekezo ya mwalimu yaingie vidoleni. Anayerudi baada ya siku saba bila kufanya mazoezi ya kutosha hulipa kusikia maneno yaleyale. Mtoto ni tofauti: anahitaji kushikwa mkono kila wiki, kwa kuwa hajajua kujisimamia. Na hata mwenye kipato kidogo kabisa asikose yale masomo manne ya mwaka, la kwanza likiwa siku za mwanzo, kabla mkao mbaya haujazoeleka.

Mitihani: unanunua nini hasa

Bodi mbili zinazojulikana zaidi katika ukanda wetu ni ABRSM, iliyoanza mwaka 1889, na Trinity College London. Zote zina madaraja ya 1 hadi 8, na ada hupanda kadiri daraja linavyopanda.

Mtihani wa kawaida wa ABRSM una alama 150: vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli na arpejio alama 21, kusoma nota papo hapo alama 21, na usikivu alama 18. Kufaulu ni alama 100, daraja la kati 120, na la juu 130. Tangu mwaka 2020 kuna pia mtihani wa kurekodi video: vipande vinne, kila kimoja alama 30, na alama 30 nyingine kwa onyesho kwa ujumla. Huo haudai skeli wala usikivu, na mtahiniwa wa Mwanza au Bujumbura hasafiri kumfuata mtahini. Trinity hutoa alama 100, na kufaulu ni 60.

Kuna gharama isiyoonekana kwenye orodha ya ada. Ili kufanya daraja la 6 la vitendo au zaidi, ABRSM inataka kwanza daraja la 5 la nadharia ya muziki au sifa inayokubalika badala yake. Hiyo ni ada nyingine na vitabu vingine. Trinity haidai sharti hilo. Anayelenga madaraja ya juu aliweke jambo hili kwenye bajeti tangu mwanzo.

Je, mtihani ni kipimo kizuri cha maendeleo? Ni ushahidi wa nje, na kwa kijana anayetaka kusomea muziki chuoni cheti kina uzito. Lakini hukupa picha moja kwa mwaka. Mbaya zaidi, wapo wanaoshinda mwaka mzima na vipande vitatu tu, wakavijua kwa moyo, na nje ya hivyo hawawezi kusoma ukurasa mmoja. Ukitaka cheti, fanya mtihani wa kawaida wenye skeli na kusoma nota, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazopima ufundi ulio nje ya vipande ulivyokariri. Kama huhitaji cheti, ada hiyo ihamishie kwa mwalimu.

Daftari, metronomu na simu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufundi wa vidole ni mali ya aina hiyo. Unaingia polepole na kutoka polepole, na kumbukumbu ya kichwani hudanganya pande zote mbili.

Programu nyingi za mazoezi huhesabu dakika. Zinakuonyesha kwamba mwezi huu umekaa na gitaa saa 14 na kukupa pongezi. Lakini dakika ni gharama uliyolipa. Faida ni kile ulichokipata kwa dakika hizo, na hicho programu haikioni. Daftari la shilingi 2,000 linakiona, mradi uandike mambo sahihi. Kila siku, mistari mitano inatosha:

– etudi na baa ulizofanyia kazi;
– kasi ya baridi, yaani kasi uliyoweza kupiga bila kosa mara ya kwanza kabisa, kabla vidole havijapata moto;
– kasi safi, yaani kasi uliyopiga sehemu hiyo mara tatu mfululizo bila kosa;
– kilichokwama, kwa maneno mahususi;
– kazi ya kesho.

Mfano: “Carcassi 3, baa 1–8. Baridi 52. Safi 60. Kidole cha pete kinapotea wimbo ukishuka uzi wa pili. Kesho: baa ya 5 peke yake kwa 44.” Namba ni mapigo ya metronomu kwa dakika, na metronomu ya simu ni ya bure.

Kasi ya baridi ndiyo namba ya ukweli. Baada ya kurudia mara ishirini karibu kila mtu anaweza kupiga haraka. Kinachobaki usiku ukipita ndicho ulichonacho. Kasi safi ikipanda wiki nzima na ya baridi ikabaki palepale, unakimbia kuliko mkono unavyojifunza. Rudi chini. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, uko njiani.

Ongeza mapigo manne tu kila unapofikia kasi safi. Kutoka 52 hadi 84 ni hatua nane. Ukikaa siku tatu kwa kila hatua, ni siku 24. Ukishindwa hatua moja siku mbili mfululizo, shuka hatua mbili na utafute sababu, ambayo mara nyingi ni baa moja tu yenye mruko mbaya wa mkono wa kushoto. Maumivu ya kifundo au mkono yakianza, acha siku hiyo. Hakuna kasi inayostahili jeraha.

Kasi peke yake haitoshi, kwa sababu etudi inaweza kuwa ya haraka na mbovu. Hapo simu inaingia. Mara moja kwa mwezi jirekodi kwa video ukipiga etudi ileile, chumba kilekile, simu ikiwa imewekwa palepale, na jaribio liwe moja tu. Hifadhi faili kwa jina la tarehe. Kila baada ya miezi mitatu sikiliza ya kwanza na ya mwisho bila gitaa mkononi, ukijiuliza: mwendo unatulia au unakimbia sehemu nyepesi? Wimbo unasikika juu ya usindikizaji? Nota zinaishi urefu wake au zinakatika kidole kikihama? Nyuzi za besi zinapiga kelele vidole vikiteleza? Bega limetulia? Andika majibu kwenye daftari. Ukimpelekea mwalimu ukurasa huo pamoja na rekodi, somo la saa moja litaanza pale tatizo lilipo, na utakuwa umeokoa robo saa ya kulipia.

Jaribio la mwisho ni la kusahau. Etudi uliyoimaliza iweke kando mwezi mzima, kisha ipige mara moja na uandike kasi ya baridi. Ikiwa imebaki karibu na pale ulipoiacha, ufundi umeingia. Ikiwa imeporomoka, ulikuwa umeikariri tu.

Gitaa na nyuzi

Vipimo vyote hivi vinakuwa bure kama chombo kinadanganya. Gitaa la klasiki la mtu mzima lina urefu wa nyuzi wa milimita 650 na shingo pana, karibu milimita 52 pale nyuzi zinapoanzia kichwani. Mwenye mikono midogo atafute la milimita 630 hivi. Nyuzi ni za nailoni. Madukani utakuta magitaa ya nailoni yaliyofungwa nyuzi za chuma ili yasikike kwa nguvu. Usinunue. Seti ya nailoni huvuta kwa jumla karibu kilo 40, ya chuma huvuta zaidi ya kilo 70, na daraja la gitaa la klasiki halikutengenezwa kwa mzigo huo. Litang'oka.

Dukani fanya majaribio mawili. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 na uupige, itoke ile sauti nyembamba ya filimbi. Kisha bana freti hiyohiyo na upige tena. Sauti zisipolingana, gitaa halitakaa sawa hata ulituni vipi. Halafu tazama urefu kutoka freti ya 12 hadi kwenye nyuzi: karibu milimita 3 uzi wa kwanza na 4 uzi wa sita. Zikiwa juu sana, utapigana na gitaa, na daftari lako litaandika udhaifu ambao si wako. Fundi mzuri huweza kuzishusha kwa gharama ndogo kuliko gitaa jipya.

Kwa anayeishi pwani, gitaa la mbao za tabaka si aibu. Uso wa mbao nzima hutoa sauti nzuri zaidi, lakini unataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam hewa huwa na unyevu zaidi ya huo muda mwingi. Ukimudu gitaa la mbao nzima, mudu pia kasha gumu.

Nyuzi za besi hufa mapema kwa jasho na hewa ya chumvi, na zilizokufa hazitoi sauti ambayo etudi inakuuliza. Zile tatu nyembamba hudumu karibu mara mbili ya hizo, kwa hiyo si lazima ubadilishe zote kila mara. Kucha za mkono wa kulia zinahitaji tupa ndogo na msasa laini kabisa. Hizo ni senti chache zinazobadilisha sauti kuliko gitaa la bei maradufu.

Bajeti tatu za mwaka, gitaa likiwa tayari

Kwa bei za mfano (somo 25,000, seti ya nyuzi 35,000, kitabu kilichohaririwa 60,000, kijitabu cha kuchapisha 6,000, ada ya mtihani 250,000), mwaka mmoja unakuwa hivi:

1. *Ya kujibana:* masomo manne 100,000, seti mbili za nyuzi 70,000, vijitabu vitatu 18,000, daftari 2,000. Jumla shilingi 190,000.
2. *Ya kati:* masomo 26, 650,000, seti tatu 105,000, kitabu kimoja 60,000, vijitabu viwili 12,000, daftari 2,000. Jumla shilingi 829,000.
3. *Ya kila kitu:* masomo 48, 1,200,000; seti nne 140,000; vitabu viwili 120,000; mtihani 250,000; daftari 2,000. Jumla shilingi 1,712,000.

Ya tatu inazidi mara mbili ya ya pili, lakini maendeleo hayatakuwa mara mbili. Inafaa kwa mtoto, na kwa kijana anayehitaji cheti. Kwa mtu mzima anayejifunza kwa mapenzi, ya pili ndiyo bora. Ya kwanza haimzuii mtu kufika mbali, ila inadai nidhamu ya daftari kuliko nyingine zote, kwa kuwa kati ya somo na somo hakuna mwingine wa kukusahihisha.

Kama una gitaa nyumbani, usilipie chochote wiki hii. Chagua etudi moja, washa metronomu, tafuta kasi unayoweza kuipiga mara tatu bila kosa hata kama ni mapigo 40, na uiandike pamoja na tarehe. Fanya hivyo kwa wiki nne. Ukienda kwa mwalimu au dukani baada ya hapo, utajua unachokwenda kununua.